Kompyuta Pekee ya Shangazi

Nilipoitwa kwenye usaili wa ufundi wa kompyuta katika ofisi moja pale Sumbawanga mjini, barua ilisema utakuwa wa vitendo. Nilikuwa na cheti cha miezi sita, cha chuo ambacho wanafunzi tulikaa wanne wanne mbele ya mashine moja. Kava la kompyuta sikuwahi kulifungua.

Nikaenda mtaa wa Mazwi kwa shangazi, dada mdogo wa baba. Alipiga chapa serikalini miaka mingi, mpaka wafanyakazi walipopunguzwa naye akawamo. Wenzake wengi walirudi vijijini kulima mahindi na ulezi. Yeye alinunua kompyuta iliyotumika, akafungua chumba cha kuchapa barua. Hakuna aliyemfundisha. Ilipoharibika mara ya kwanza, na fundi wa karibu yuko Mbeya, aliifungua mwenyewe kwa bisibisi ya cherehani, akichora kwenye daftari kila waya ulipokuwa kabla ya kuuchomoa.

Nilimwamkia, nikamweleza. Akaisoma barua mara mbili, kisha akaniambia niwe nafika asubuhi, kabla hajafungulia wateja.

Zilikuwa siku sita. Kila nilipoingia, sweta bado mwilini kwa baridi, nilikuta ameshaiharibu mashine kwa makusudi: kachomoa waya wa ndani, au kalegeza kadi ya kumbukumbu, yaani RAM. Alijifanya karani asiyejua kitu, na hakunijibu lolote nisilomuuliza. Nilipokimbilia bisibisi aliniwekea mkono begani.

"Muulize mtu kwanza," alisema. "Mashine haitakwambia jana kulitokea nini."

Siku ya nne nilichomeka kibodi kwa nguvu, pini moja ya plagi ikapinda, ikalala kabisa. Nje walishafika watu watatu na barua zao, na hiyo ndiyo kompyuta iliyomlisha na kuwasomesha wanawe. Nikangoja anifukuze. Shangazi alitoka, akawaomba radhi wateja warudi mchana. Akachukua kalamu iliyokwisha wino, akang'oa mrija wake, akauvisha kwenye ile pini na kuinyanyua taratibu, pumzi kaibana. Ikasimama. Kisha akanipa plagi.

"Sasa chomeka wewe."

Sikutaka. Alisubiri mpaka nikachomeka.

Siku ya usaili tulikuwa watano, tukaingia mmoja mmoja. Niliwekewa mashine iliyowaka lakini kioo kikabaki cheusi, huku inalia milio mifupi mifupi. Nikamgeukia karani aliyekaa pembeni, nikamuuliza ilifanya kazi lini mara ya mwisho. Akasema ilikuwa nzima mpaka ilipohamishwa chumba, ikagongwa mlangoni. Nikafungua kava, nikaikandamiza kadi ya kumbukumbu mahali pake, kioo kikawaka. Kwenye printa sikufua dafu. Karatasi ilikwama, nikaishia kukiri kwamba sijawahi kuona ndani ya printa. Msaili aliandika kitu.

Baada ya wiki mbili nikaitwa kazini. Msaili aliniambia wapo waliokuwa wepesi kuliko mimi, ila hakuna mwingine aliyemsemesha karani.

Nilimpelekea shangazi habari. Aliacha kuchapa katikati ya ukurasa, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya, akanishika mikono yote miwili. Halafu akauliza ile printa ilikuwa ya aina gani, na kama ningeweza kumwombea ruhusa siku moja aje aione ndani.