Siku Bibi Alipoita Mwizi

Juzi mpangaji mwenzangu hapa Uyole alishikwa na mafua, akabandika jikoni sufuria ya majani ya mlingoti, yaani mkaratusi, malimao na tangawizi. Mvuke ulipopenya chini ya mlango wangu nilikuwa nakula. Niliweka kijiko, nikatoka, nikasimama barabarani mpaka harufu ilipokwisha. Yeye alidhani nimekimbia mafua yake, akaninunia mpaka jioni. Sikumweleza kitu. Nawaeleza ninyi.

Mwaka ule wa korona nilikuwa na miaka kumi na miwili. Tulikaa Chimala, nyuma kidogo ya barabara kuu, kwenye nyumba ya matofali ya kuchoma yenye jiko la nje. Baba yangu, Ezekia, alikuwa dereva wa lori. Alipakia Dar es Salaam na kushusha Zambia, na nyumbani alikuja kama mgeni mpendwa. Alilala usiku mmoja, akatuachia vitunguu na nyanya za Ruaha Mbuyuni, akanibeba mgongoni ingawa miguu yangu ilishaanza kuburuta chini, kisha akaondoka akipiga honi mpaka sauti ikazimikia njia ya Uyole. Kwangu mimi na mdogo wangu Beni, baba alikuwa honi na vitunguu. Kama katika usiku ule mmoja kulikuwa na kofi, lilikuwa la chumbani, na asubuhi yake mama aliamka akifagia huku anaimba. Aliimba kwa nguvu kuliko siku nyingine. Nilipenda sana asubuhi hizo.

Bibi, mama yake baba, tuliletewa kutoka kijijini kwao Iringa magoti yalipomgomea. Alikuwa Mhehe wa maneno machache. Alitembea kwa kusukuma kigoda mbele yake: anakisukuma, anapumzika, anakisukuma tena, na sakafu nzima ilikuwa na michirizi ya kigoda hicho. Mama aliuza mchele sokoni, na kazi ya kuuchambua ilikuwa ya bibi. Aliketi kibaraza cha nyuma na ungo mapajani, akidonoa vijiwe ambavyo mimi nilikuwa sivioni hata nikiinama, na kuvirusha uani. Kuku wetu walivikimbilia kila mara. Sijaona kuku wajinga kama wale.

Kisha shule zikafungwa, tukaambiwa tusome kwa redio. Baada ya muda lori la baba likarudi kutoka mpakani, ambako lilikuwa limekaa foleni mpaka mizigo mingine ikaoza, na tajiri wake akaamuru liegeshwe. Wakati ule watu walisema madereva ndio wanaoubeba ugonjwa. Balozi wetu wa nyumba kumi alikuja na kitambaa mdomoni, akasimama ng'ambo ya uzio wa matete kama mtu anayeongea na ng'ombe mkali, akatuomba tukae ndani, familia nzima, mpaka hali ieleweke. Watoto tuliocheza nao walianza kupitia njia ya nyuma. Jirani yetu Mama Swaumu, ambaye babu zake walipanda huku na biashara kutoka pwani, alikuwa akituwekea vitumbua juu ya nguzo ya uzio, akarudi hatua kadhaa, akaita, "Mama Atu, chukueni. Sahani msinirudishie kwanza." Zilijaa kwetu sahani za Mama Swaumu.

Mama hakuweza tena kwenda sokoni. Tukawa watano ndani ya nyumba moja, mchana na usiku, na mmoja wetu alikuwa amezoea kuona milima ikipita dirishani.

Mwanzoni baba alilala. Kisha akaanza kutusahihisha. Moto unawashwaje, mlango unafungwaje, mtoto anatafunaje. Siku moja tulikuwa tunasikiliza kipindi cha hesabu, mwalimu wa redioni akarudia swali mara mbili, baba akaichukua redio na kuibamiza ukutani. Betri zilibingirika mpaka miguuni kwa bibi. Beni alicheka, maana alidhani ni mchezo. Kofi alilopigwa lilimwangusha kutoka kwenye stuli, na sikio lake likatoa maji kwa muda mrefu baadaye. Mama alipomwinua, baba alimshika mama nywele na kukigonga kichwa chake kwenye fremu ya mlango, taratibu, kama mtu anayegongea msumari asiotaka upinde.

Baada ya hapo ikawa kawaida yetu. Nilijifunza kusoma hatua zake, kukohoa kabla ya kuingia chumbani, kumpeleka Beni chooni kabla hajaomba. Mama alipiga yowe siku za kwanza. "Jamani nauawa," alilia, na sauti yake ilivuka uzio kwa sababu nilisikia mazungumzo ya upande wa pili yakikatika. Lakini hakuna aliyekuja. Kabla ya korona labda wanawake wangekuja na kusimama mlangoni, wakapiga hodi ndefu mpaka mkono wa mtu uchoke. Sasa walikuwa na sababu nzuri ya kubaki kwao. Nilipopenya siku moja na kumwambia balozi, alirudi nyuma kwanza, ndipo akanijibu kwa upole, "Mjukuu wangu, ndugu wakigombana, wewe chukua jembe ukalime. Watapatana tu." Nilirudi nyumbani. Hatukuwa na hata shamba la kulima.

Bibi hakusema kitu. Aliendelea na ungo wake. Hilo lilinichoma kuliko yote, maana baba alikuwa bado anamwogopa kidogo, anampa shikamoo kila asubuhi akiwa ameinama. Mara moja tu nilimsikia akimwita wakati mama amejifungia. "Ezekia," alisema, "umeanza kufanana na baba yako." Baba aliichukulia kama sifa. Alitabasamu.

Siku yenyewe ilikuwa mchana mweupe. Baba alikuwa ametuamuru wote kujifukiza asubuhi na jioni, na siku hiyo akaongeza na mchana. Sufuria ilikuwa uani, majani ya mlingoti yakitokota, na mtu aliinama juu yake akafunikwa blanketi. Mimi nilimaliza nikatoka macho yakitiririka. Ikafika zamu ya Beni. Alikuwa na miaka sita. Baba alimfunika na kuushikilia ukingo wa blanketi kwa mikono miwili. Beni alikohoa, akaanza kutapatapa, akaita mama. "Bado," baba alisema. Blanketi liliruka huku na huku kama gunia lenye kuku, kisha likaanza kutulia.

Mama alitoka jikoni mbio, akalivuta blanketi na Beni ndani yake. Sufuria ikapinduka na maji yote yakaenda kwenye miguu ya baba.

Hakupiga kelele. Aliitazama miguu yake ikibadilika rangi, akachukua mpini wa jembe ulioegemea ukuta, na mama akakimbilia mahali pekee palipokuwa karibu, yaani jikoni. Baba aliingia nyuma yake na kuusukuma mlango wa bati. Pigo la kwanza lilikuwa na sauti ya kuni kavu. Baadaye tulijua lilikuwa la mkono wake wa kulia. Mapigo yaliyofuata yalikuwa na sauti nyingine, nzito. Mama aliita jina la baba, akaita la Mungu, akaita jina langu. Kisha akaacha kuita, na mapigo hayakuacha.

Nilikuwa kibarazani, nimemkumbatia Beni aliyekuwa anatapika. Bibi aliweka ungo chini. Alijaza kifua pumzi, na kutoka kwenye mwili ule mdogo ikatoka sauti ambayo sikujua anayo.

"Mwizi! Mwizi jikoni! Ana rungu, anaua mtu!"

Ulikuwa msimu wa mpunga, na stoo za mashineni zilikuwa zimevunjwa zaidi ya mara moja. Neno lile lilipita juu ya uzio, na kabla bibi hajalirudia nilisikia miguu. Watu ambao tangu lori lirudi hawakuthubutu kupita karibu na matete yetu waliyaangusha matete yenyewe. Walikuja na fimbo, nondo, michi, matofali nusu. Balozi nilimwona katikati yao, kitambaa kimeshuka mpaka shingoni, ameshika jembe.

Mlango wa bati ulitolewa na bawaba zake. Wakaburuta nje mwanaume mwenye fulana, ndevu zimemjaa, mpini mkononi na damu kwenye mpini. Nani angemtambua? Miaka yote walimjua baba yangu kwa lori lake. Bila lori alikuwa mtu yeyote.

"Mimi ni mwenye nyumba," alisema.

"Wote ni wenye nyumba," mmoja alimjibu, na nondo ikamshukia begani.

Nimejaribu kusahau sauti za dakika zile. Jino la mtu likitua kwenye mabati chini hulia kama punje ya mahindi. Baba alijikunja, akajifunika kichwa, wakamfunua. Mwanamke niliyemjua, aliyewahi kunipa maandazi, alikuwa anampiga kwa kandambili usoni, tena na tena, akilia, na sidhani alikuwa akimpiga baba yangu.

"Bibi," nilisema, "wanampiga baba."

"Nasikia."

"Waambie ni baba."

Alikaa wima, mikono juu ya magoti, uso ameuelekeza jikoni na si kwenye kundi. Mama Swaumu alikuwa ameingia humo. Tukamwona akitoka kinyumenyume, amemshika mama kwapani, anamvuta. Mkono wa mama ulining'inia vibaya, lakini kichwa chake kilisogea, kisha akakohoa. Bibi alimtazama mpaka akakohoa mara ya pili.

Wakati huohuo kijana mmoja wa bodaboda alikuwa ameshachomoa mpira wa mafuta kwenye pikipiki yake na anakinga kwa chupa. Mwingine alikuja anabingirisha tairi. Harufu ya petroli ikafika kibarazani.

"Nishike, Atu," bibi alisema. "Upesi. Kiache kigoda."

Nilimtia bega. Hatukutembea, tulianguka kuelekea mbele, tukasimama, tukaanguka tena. Aliingia katikati ya fimbo zile kama mtu anayeingia kwenye mvua, na fimbo moja ilimpata shingoni kabla mwenye fimbo hajaizuia. Alijilaza juu ya baba, kifua kwa mgongo.

"Basi," alisema. "Huyu ni mwanangu. Ni Ezekia. Macho yangu yamenidanganya."

Kijana wa chupa aliiangalia chupa yake kama amepewa na mtu mwingine. Ghafla watu wakakumbuka korona. Walianza kuachiana nafasi, kutafuta barakoa mifukoni, kunawa kwenye ndoo yetu ya maji tiririka, wakipeana sabuni kwa adabu. Balozi alimpa bibi pole ya macho. Alisema uzee hauna dawa.

Wote wawili walipelekwa zahanati kwa gari moja, mama mbele, baba nyuma. Mkono wa mama uliungwa, ingawa hadi leo hawezi kufua akakamua vizuri. Baba alipoteza meno, mbavu zikavunjika, na jicho la kushoto halikurudi. Aliporudishwa, bibi ndiye aliyemkanda kwa maji ya chumvi kila siku, na alipomaliza aligeukia ukutani, chakula chake nikamrudishia mama kama kilivyo. Nilidhani ni uzee unaomaliza hamu.

Baba hakuendesha lori tena. Alipata kazi ya kulinda mashine ya mpunga, akalala nyumbani kila mchana kwa miaka iliyofuata. Mara moja alimwinukia mama, kwa sababu ya chumvi kwenye mboga. Kiganja kilikuwa tayari juu. Bibi, akiwa palepale kwenye ungo wake, alisema bila kugeuka, "Ezekia, leo macho yananisumbua tena." Baba aliushusha mkono, akaukalia kabisa, akamaliza mboga yake bila chumvi.

Miaka minne baadaye, nikiwa kidato cha tatu, bibi aliomba arudishwe kwao Iringa, akafie huko. Mimi ndiye niliyekwenda kukaa naye likizo. Siku moja nikimwosha miguu nilimuuliza jambo lililokuwa limenikaa kooni muda wote.

"Bibi, kwa nini ulisema mwizi?"

"Kwa sababu nililia miaka mingi nikisema napigwa," alijibu. "Babu yako alikuwa na mkono mzito, na majirani walikuwa wanasikia. Hakuna aliyewahi kuacha ugali wake. Halafu siku moja mtu aliiba mbuzi. Walikuja wote, hadi viwete. Walimuua pale kwenye njia ya kisimani, mchana, nikiwa na mimba ya Ezekia. Nikajua watu hawa wanakujia nini."

Nilimsugua kisigino. Kisha nikauliza, "Na kama wangemuua baba?"

Aliutoa mguu mmoja kwenye beseni, akanipa wa pili.

"Ningemzika," alisema. "Siku ile kaburi lilikuwa limeshachimbwa pale nyumbani, Atu. Mimi nilikuwa nasikiliza tu ni la nani."

Wakati yale yanatokea niliamini bibi alimpenda mama yangu kuliko mtoto wake, na nikiwa mtoto hilo lilinifurahisha. Nilikuwa sijui kitu. Aliwapenda wote wawili, na alikaa pale akimsikiliza mwanawe akivunjwa, mfupa kwa mfupa, mpaka alipomsikia mkwewe akikohoa mara mbili. Ndipo alipoomba kuinuliwa. Watu wa Chimala wanaendelea kusema yule bibi alikuwa haoni, na sisi wanne tuliobaki hatujawahi kuwasahihisha.