Ukuta Tulioukwangua

Ukuta ulioniulia mama ulikuwa wa fito na udongo, umepakwa chokaa, katika nyumba ya vyumba sita pale Kariakoo. Shule sikupita darasa la pili, lakini kusema nani alifanya nini hakuhitaji shule.

Tulitoka Lindi miaka ya hamsini mwanzoni, mimi na mama. Yeye alikuwa amepooza upande mmoja, kazi yake kulala na kusema. Mimi nilikuwa napika vitumbua barazani asubuhi. Paa lilikuwa la madebe yaliyopasuliwa, na kwenye ukuta wa nyuma, penye kitanda cha mama, lilivuja. Mvua za vuli zikaacha doa. Likashusha michirizi mitatu, kisha likajikunja mwishoni.

Mwanamke wa chumba cha pili alikuja kuazima mbuzi ya nazi. Akatazama, akakaa chini.

"Dada, hilo si doa. Hilo ni jina la Mungu."

Nami nilisoma Kurani mpaka juzuu ya Amma. Nikatazama, herufi nikaziona. Tangu hapo sikuweza tena kuliona doa.

Yule mwanamke akatoka kutangaza. Kabla ya adhuhuri ujia ulijaa: wapagazi wa sokoni, wanawake wa Ilala na watoto mgongoni, wote wanavua viatu mlangoni pangu. Mama akawaambia kutoka kitandani, "Karibuni. Mkimaliza kumtazama Mungu, mnisalimie na mimi."

Chumba cha mbele yetu alikaa seremala wa Kilimanjaro, Mkristo. Alichungulia akasema, "Mimi namwona Bikira Maria kambeba mwanawe."

"Pombe hiyo," jirani akamjibu.

"Sinywi. Na kingine ninachokiona ni maji. Dada, nguzo inaoza humo ndani. Masika hayataangalia dini ya mtu."

Nikamfuata mwenye nyumba barazani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Masika yanakuja, baba. Paa lizibwe, ukuta ukandikwe upya."

"Utupie udongo jina la Mola? Kwa mkono wa nani, mwanangu? Wako?"

"Basi paa peke yake."

"Paa ndilo lililoleta maji, na maji ndiyo yaliyoandika. Nikiziba, jina likakauka, watu wataniuliza mimi."

Alikuwa na lake. Watu waliokuwa wakimpita bila salamu sasa walimwinamia, na msikitini walimsogezea nafasi safu ya mbele. Angeziba vipi?

Kisha akaja mwalimu wa Kurani. Kwetu mgonjwa huandikiwa aya kwa zafarani kwenye sahani, maandishi yakaoshwa kwa maji, akanywa. Hilo ndilo kombe. Mwalimu akasema hapa aliyeandika ni Mwenyewe, kwa hiyo chokaa ya ukuta ule ikitiwa maji ni kombe lisilo na mfano. "Lakini jina msiliguse. Kwangueni chini yake. Na kitanda cha mgonjwa kisiondolewe hapo."

Watu wakaja na misumari na visu. Chokaa ikaisha, wakaingia kwenye udongo. Wiki ya tatu fito zilitokeza kama mbavu za punda wa mkokoteni, na jina likabaki juu, halijaguswa, limening'inia juu ya shimo.

Sikumfukuza mtu. Mimi nilikwangua kuwashinda wote, kila asubuhi, kwa kijiko changu cha vitumbua, nikakoroga kombe nikamnywesha mama. Siku moja mama aliinua kidole cha ule mkono uliokufa, au niliona kakiinua. Nikaongeza kijiko.

"Likoje?" nilimuuliza.

"Lina ladha ya ukuta," alisema. "Nipe tena."

Masika yakaingia. Siku ya tatu ya mvua, alasiri, nilikwenda sokoni kutafuta mchele. Niliporudi ujia ulikuwa umejaa watu, nikadhani ni walewale.

"Nipisheni," nikasema. "Mgonjwa anataka hewa."

Wakanipisha. Nyuma ya kitanda palikuwa na uwanja na mvua. Seremala alikuwa amepiga magoti, anafukua kwa mikono.

"Dada, usije," alisema.

Mazikoni mwalimu alisema aliyeangukiwa na ukuta hufa shahidi. Mwenye nyumba akaitikia amina, sauti yake ikiwa ya kwanza. Yule jirani aliokota bonge la udongo lenye mchirizi mmoja wa jina, akalifunga kwenye pindo la kanga. Kabla ya arobaini ukuta mpya ulikwishasimama, paa limezibwa, na chumba kina mpangaji mwingine. Kumbe kuziba kulikuwa kazi ya siku moja.

Wengine wamekwisha kufa, na watu husema maiti hasemwi. Mimi nawasema. Mwenye nyumba aliliacha paa livuje. Mwalimu alimlaza mama yangu pale. Jirani aliita mtaa mzima.

Sasa nakaa Ilala. Doa likitokea ukutani nalipaka chokaa siku hiyohiyo, uso nimeugeuza pembeni. Kile kijiko ninacho bado. Kimelika upande mmoja, na sipikii tena.