Fimbo Juu

Siku hiyo uwanjani tulikuwa sita: mimi, ndugu zangu wawili walionifuata, kitindamimba wetu, nyanya, na jirani mwenye redio ya kaseti. Niliikumbuka wiki jana, kitindamimba alipokuja nyumbani na spika ndogo akafungulia muziki wa matamasha, ule wa mitambo, nyimbo zikishikana bila kukatika. Yeye sasa ni mtu mzima, ana mvi mbili tatu.

Sisi muziki wa namna hiyo tuliupuria mbaazi. Nilikuwa nimeacha shule mama alipomfuata baba kaburini, na kila mavuno jirani alituazima redio. Betri tulizianika juani asubuhi ili zipate nguvu. Nyanya akipepeta kwa ungo, sisi tulipiga maganda makavu kwa fimbo, tukifuata ngoma. Uzuri wake ulikuwa hapa: ngoma hupanda, hupanda, kisha hunyamaza ghafla. Fimbo zote juu. Vumbi linaning'inia. Halafu ngoma inaanguka kwa kishindo, nasi tunaanguka nayo, na uchovu hauonekani ulikokwenda.

"Hiyo ngoma haijui kupumzika?" nyanya alilalamika. "Hata punda hupewa maji!"

"Nyanya, ukichoka wewe cheza tu!" kitindamimba akamjibu, tukacheka.

Ngoma hiyo nilikuwa nimeirekodi mimi, Jumamosi iliyotangulia, kutoka redioni. Ndani ya redio ya jirani mlikuwa na kanda ya kwaya ya kanisa. Vile vipande vya plastiki vya juu vilikuwa vimevunjwa ili isirekodiwe tena. Nikasokota karatasi, nikaziba vishimo, nikarekodi juu ya kwaya, kama vijana wote walivyofanya. Nilidhani kwaya ni kwaya, kanda nyingine kama hiyo haikosekani kwa jirani.

Karibu na mwisho ngoma ikapanda, ikanyamaza. Fimbo juu. Tukangoja. Badala ya ngoma ikatoka sauti ya mwanamke, mstari mmoja wa wimbo, kwaya ikaanza kumwitikia, kanda ikaisha.

Hakuna fimbo iliyoshuka. Ungo wa nyanya ulikuwa umesimama.

"Anaimba vizuri," kitindamimba akasema. "Ni nani?"

Mama alimwacha akiwa bado ananyonya.

"Ni mama yako," jirani akamwambia. "Nilikuwa nimekuwekea, ukue kwanza." Akaitoa kanda, akakiona kile kikaratasi, akanitazama. Kisha akakichomoa kwa ukucha, akakifumbata. "Kanda za siku hizi zinajifuta zenyewe," akasema.

Tulimaliza mbaazi bila redio.

Jirani alikwishazikwa, na uwanja ule sasa una miembe ya kisasa. Hakuna anayepura kwa fimbo. Wiki jana ngoma iliponyamaza kabla ya kuanguka, kitindamimba aliinua mikono yote miwili, akanihimiza na mimi niinue. Niliinua. Hadi leo anaamini kanda ilijifuta yenyewe. Ngoma ikaanguka, akacheza, na deni la sauti ya mama nikabaki nalo.