Mguu wa Mwamvita Kileleni

Kwa miaka ishirini na mbili Mwamvita aliuza mchele soko la Soweto, Mbeya, akiwafokea wateja wanaochovya mikono michafu kwenye magunia yake. Mwaka jana bodaboda ilimgonga, mguu wa kulia ukavunjika mahali pawili. Ulipopona alibaki akichechemea kidogo, na binti yake Nusrat, anayeishi Dar es Salaam, hakumpa nafasi ya kupumua.

"Mama, mguu huo si wa kusimama sokoni. Funga biashara uje huku nikulee."

Akulee! Mwamvita aliliona neno hilo ni tusi. Wakabishana wiki mbili kwenye simu, mwisho wakapatana: akifika Kilele cha Mbeya kwa miguu yake mwenyewe, bila kubebwa wala kushikwa mkono, abaki na meza yake. Akishindwa, afungashe. Nusrat alikubali upesi, maana alijua mama yake anachoka hata kwa ngazi za benki.

Mwenzake wa safari alikuwa Nyamizi, mkulima wa Ubaruku aliyemletea mpunga tangu wote wawili wakiwa wembamba. Nyamizi ni Msukuma, amekulia nyuma ya ng'ombe na kuzeekea kwenye majaruba ya mpunga, kwenye joto la Usangu. Mlima hajawahi kuupanda hata mmoja, lakini alikuja amevaa makoti mawili, na hotpoti ya wali begani.

Walianza kupanda mara baada ya swala ya alfajiri. Ilikuwa Julai. Huku kwetu theluji haianguki, ila mwezi huo baridi ya mlimani hugandisha umande juu ya majani, na asubuhi ukiwa chini unaona kilele cheupe pe. Saa mbili wakaufikia huo weupe. Mwamvita, ambaye siku zote aliutazama akiwa sokoni, alisimama akauogopa.

Nyamizi aliinama, akatabasamu kama mtu aliyekutana na jirani ugenini.

"Mayu, mama yangu! Kumbe ni magadi! Ng'ombe wetu wangeulamba mlima huu mpaka uishe. Kanyaga kwenye weupe tu, Mama Nusrat. Ardhi ya magadi ni ngumu, haitelezi."

Kwa mambo ya ardhi Mwamvita hakuwahi kumbishia mwanamke huyo. Akakanyaga kwenye weupe, tena kwa nguvu. Raba zikamtangulia mbio, akakaa chini bila kupenda, akateleza hatua kumi nzima mpaka kichaka kikamdaka. Nyamizi akamfuata kwa ubavu, na hotpoti ikawapita wote wawili.

Mwamvita aliokota kipande cha weupe ule. Kikayeyuka mkononi.

"Nyamizi, magadi yako yamekuwa maji."

Nyamizi alicheka kidogo, kisha akaacha. Mwenzake alikuwa ameushika mguu wa kulia na machozi yanamtoka. Mguu uliuma, ndiyo, lakini aliyalilia zaidi magunia yake, na asubuhi za kuamka akiwa na mahali pa kwenda.

"Nipe mkono," Nyamizi alisema kwa upole. "Nusrat hatuoni."

"Mimi naona."

Akaupangusa uso kwa ushungi, akafungua mkoba. Mwanamke wa mchele hatoki bila shazia, ile sindano nene, na kamba ya katani ya kushonea magunia, hata aende harusini. Akaizungusha kamba kwenye raba ya kulia, juu na chini, akivuta kwa meno, akapitisha shazia na kufunga fundo lile lile linalozuia mdomo wa gunia la kilo mia. Kisha ya kushoto. Kisha za Nyamizi.

Akasimama mwenyewe. Akakanyaga, na katani ikauma majani yaliyoganda. Hatua moja, akapumua. Hatua ya pili. Ilichukua saa nzima na ushee kumaliza mwinuko ule, na kila Nyamizi aliposahau akanyoosha mkono, alipigwa kofi kiganjani.

Juu hapakuwa na kingine cha kupanda. Mji wote ulikuwa chini ya miguu yao, na Mwamvita akapiga kigelegele kilichowarusha kunguru. Akampigia Nusrat simu ya video, akaigeuza kamera kwenye mguu, ardhi nyeupe, na anga.

Nusrat alisogeza uso karibu na kioo cha simu.

"Umeshikwa mkono?"

"Hajashikwa!" Nyamizi alifoka nyuma. "Nimepigwa mimi!"

"Mama jamani," Nusrat alisema, sauti imemlegea. "Na chumba chako nimeshakipaka rangi."

"Imependeza?"

"Sana."

"Basi pangisha," Mwamvita alisema, akakata simu, akaanza kushuka.