Jibu la Shule

Mtihani wa Kemia ulikuwa na karatasi tatu. Mbili za kwanza zilikuwa za nadharia, na hizo sikuziogopa hata kidogo, kwa sababu kukariri hakuhitaji vifaa. Nilikariri nikichunga mbuzi, nikakariri tena nikipepeta pojo. Karatasi ya tatu ndiyo iliyokuwa ya vitendo. Hiyo ilitaka maabara, bureti, pipeti, asidi na maji safi, na aliyeutunga mtihani ule, popote alipokuwa ameketi, aliamini kila shule ina vitu hivyo kama ilivyo na ubao na chaki.

Sisi tulikuwa shule ya kutwa upande wa Ndithini, shule ya harambee, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Maabara yetu ilikuwa darasa lililowekewa meza ndefu na sinki ambalo mfereji wake haukuwahi kutoa tone. Wenzetu wa shule kubwa walifanya vitendo tangu kidato cha kwanza. Sisi tuligusa bureti, ule mrija wa kioo wa kupimia asidi, kidato cha nne, tena kwa zamu, na atakayeivunja mzazi wake aitwe. Kisha tukafanya mtihani ule ule, asubuhi ile ile, tukapimwa kwa kipimo kimoja. Huo ndio walioutaja redioni kuwa usawa.

Nilitaka kusomea ufamasia. Pale sokoni Kithyoko palikuwa na mama mmoja mwenye duka la dawa, amevaa koti jeupe, na watu waliokuwa wakipiga kelele nje walinyamaza wakifika mbele yake. Nilitaka kunyamaziwa hivyo. Chuo kilitaka C plus ya Kemia. Si wastani wa masomo yote, ni Kemia yenyewe. Hata ukipata A ya Kiswahili na A ya Dini, ukija na C ya kawaida ya Kemia unarudishwa nyumbani. Mwaitu, ndivyo tunavyomwita mama kwa Kikamba, hakujua Kemia ni kitu gani, lakini aliijua hiyo herufi na ile alama yake ya kujumlisha, na alikuwa akiitaja kwenye sala.

Shida yetu kubwa ilikuwa maji. Kisima cha shule kilikuwa na maji ya chumvi. Wageni wakinywa chai yetu walikunja uso, na sabuni haikutoa povu hata usugue mpaka mkono uchoke. Kwa asidi, maji kama hayo ni balaa, maana yanaipunguza nguvu kabla hujaanza kupima. Maagizo ambayo shule hupewa mapema ili zitayarishe dawa za maabara yalitaka maji yaliyokenekwa, yale tunayoyaita maji ya betri. Mwalimu wetu wa Kemia aliyaomba, mwalimu mkuu akamwambia asubiri. Akasubiri mpaka asubuhi ya mtihani, kisha akachota kisimani.

Hapo simlaumu. Tena hakukuwa na haja ya kuogopa, kwa sababu ilikuwepo sheria moja, na naitaja kwa uchungu kwa kuwa ndiyo sheria pekee katika mtihani ule iliyotukumbuka sisi watu wa maji ya chumvi. Mwalimu wa kila shule alipaswa kupima mwenyewe, kwa dawa zile zile na maji yale yale ya wanafunzi wake, kisha aandike alichopata. Hilo liliitwa jibu la shule. Msahihishaji hakutulinganisha na shule kubwa, alitulinganisha na mwalimu wetu. Dawa zikiwa mbovu, ziwe mbovu kwetu sote, na aliyepima vizuri apate alama zake. Mwalimu ndiye aliyetufundisha sheria hiyo, na siku hiyo nilimpenda kwa kutufundisha.

Alikuwa kijana bado, ametoka chuo kikuu juzi juzi. Alisoma shule kubwa, na hakuchoka kutukumbusha. Kwao maabara zilikuwa tatu. Kwao gesi ilitoka ukutani. Tulicheka, lakini yeye hakuwa anatania.

Siku ya mtihani bureti hazikututosha, tukagawanywa makundi mawili. Kundi letu la pili lilifungiwa darasani ili tusikutane na waliotangulia. Msimamizi alikuwa nje akipiga gumzo na askari. Mwalimu akaingia kutupanga mstari, akasema huku akitazama dirisha, kana kwamba anaongea na mbuzi waliokuwa uwanjani:

“Ikizidi ishirini, jua mkono wako umeteleza.”

Rafiki yangu wa dawati moja akanikanyaga mguu. “Umeskia? Ni ishirini. Wewe pika tu.”

Kupika ni kuandika namba inayotakiwa badala ya namba uliyoipata. Kila mwanafunzi wa sayansi alilijua neno hilo. Namba yenyewe haikuwa siri kubwa kwa mwalimu, kwa kuwa nguvu ya kila dawa ilikuwa kwenye yale maagizo, na kwa kalamu tu angeweza kukokotoa kwamba, kwa maji safi, jibu ni ishirini.

Nikaingia. Nikaiachilia asidi polepole, tone baada ya tone, huku nikizungusha chupa kwa mkono wa kulia. Ilifika sentimita za ujazo ishirini, maji ya chupani bado ya manjano, na rangi ndiyo huonyesha kwamba asidi imetosha. Nikaendelea. Rangi iligeuka kwenye ishirini na nne. Nikaosha vifaa, nikarudia, ikawa vile vile. Pembeni yangu rafiki yangu alikuwa amemaliza zamani na anapiga mistari ya jedwali lake kwa rula.

Mwalimu akasimama nyuma yangu. “Angalia vizuri,” akanong’ona.

“Nimeangalia, mwalimu.”

“Angalia tena.”

Nikaangalia tena, na nikaandika ishirini na nne. Sikuandika kwa ukaidi. Niliandika kwa sababu niliijua sheria. Asidi ilikuwa moja, maji yalikuwa mamoja, kwa hiyo hata yeye, akipima, angepata ishirini na nne, na hiyo ndiyo ingetumwa.

Matokeo yalipotoka nilipata C ya kawaida. Rafiki yangu, aliyenakili kazi zangu za nyumbani kwa miaka minne, alipata C plus. Najua alama za kipimo kile ni chache, na siwezi kuapa kwamba ndizo zilizoniangusha. Hawakuonyeshi alama, wanakuonyesha herufi tu. Hata hilo linaniudhi, kwamba sijui nikasirike kiasi gani.

“Ile ya kujumlisha iko?” mwaitu aliniuliza jioni.

“Haiko, mwaitu.”

Aliendelea kuchambua pojo bila kunitazama. Ya kurudia kidato cha nne hakuitaja, kwa kuwa wadogo zangu wawili walikuwa wanangoja zamu yao ya karo. Leo nimepanga chumba Mlolongo na nafunga sabuni kwenye makatoni kiwandani. Rafiki yangu yuko kaunta ya duka la dawa mjini Machakos, amevaa koti jeupe. Simchukii. Aliambiwa apike, akapika.

Ninayemchukia ni mwingine. Asubuhi ile ya matokeo, kabla sijaenda nyumbani, nilimfuata mwalimu maabara. Alikuwa anapanga chupa kabatini, na aliponiona akajua.

“Pole,” akasema. “Nilikuambia uangalie vizuri.”

“Mwalimu, kwa ile jibu ya shule uliandika ngapi?”

“Ishirini.”

“Na ulipopima mwenyewe, ulipata ngapi?”

Aliinua chupa moja, akasoma kibandiko chake, akairudisha palepale.

“Ishirini na nne,” akasema. “Nilirudia, ikakuja hiyo hiyo.”

“Sasa mbona hukuandika hiyo?”

“Wewe hujui hao watu wanaosahihisha,” akasema. “Wengine nilisoma nao. Nikiandika ishirini na nne, wangesema nini juu yangu?”

Alisema “juu yangu”. Nilisubiri aongeze neno juu yetu, hata moja, akaendelea kupanga chupa. Nikatoka bila kumuaga, na mpaka leo sijamsamehe.