Siku Niliyomwachia Bibi Matobolwa

Mwanangu, tangu asubuhi unaniuliza kama unaweza kwenda Igombe na wenzako kupanda mtumbwi, nami sijakujibu. Si kwamba sikusikia. Nguo ulizoloweka ziko kwenye beseni, naziona, na upepo wa leo umenikumbusha siku moja ya mwezi wa saba, nikiwa msichana wa miaka kumi na saba hapa hapa mtaa wa Ng'ambo, Tabora. Kaa nikusimulie.

Mama alikuwa amekwenda Urambo kumlea dada yangu aliyejifungua. Aliniachia nyumba, Bibi, na matobolwa. Ninyi mnayanunua sokoni yakiwa kwenye vifuko, hamjui kazi yake. Viazi vitamu vinachemshwa, vinamenywa, vinakatwa vipande, vinaanikwa juani siku kadhaa. Ikifika adhuhuri unavigeuza kimoja kimoja, la sivyo chini vinaota ukungu, na jioni unavianua kabla ya umande. Hicho ndicho kilikuwa chakula chetu mpaka mvua zianze. Kabla ya kupanda treni Mama aliniambia, "Bibi yako magoti hayamruhusu kuinama. Matobolwa ni kazi yako."

Huyo Bibi alizaliwa Ujiji, ziwani. Baba yake alikuwa mpagazi, njia ya kuja huku aliijua kwa nyayo. Yeye aliletwa Tabora kwa treni akiwa bi harusi, na tangu hapo ziwa hakuliona tena. Alikuwa mtani wangu, kama bibi yeyote na mjukuu wake. Aliniita mke mwenzangu, eti tumeolewa na mume mmoja. "Mke mwenzangu, chai iko wapi? Au umempa mume peke yake?" Jina langu Mwamvua sikuwahi kulisikia kinywani mwake.

Asubuhi hiyo alipita kwa baiskeli Shabani, mtoto wa shangazi yangu, aliyekuwa akivua samaki bwawani Igombe. Alikuwa ameshona mifuko ya unga ikawa tanga, akalifunga kwenye mtumbwi wake. Akanikuta nje. "Twende ukaone, leo upepo upo!"

Unajua, siku nzuri ya kuanika ndiyo siku nzuri ya tanga. Jua ni lile lile na upepo ni ule ule. Nikajiambia, naanika sasa, adhuhuri nimesharudi. Bibi akaniuliza naenda wapi. Nikamjibu, "Mtaa wa Gongoni kwa shoga yangu, kuazima ungo. Sikawii." Uongo ulinitoka laini kabisa, hata sikujishtukia, nikapanda nyuma ya baiskeli ya Shabani.

Sitakudanganya, kule bwawani kulikuwa raha. Tanga lilijaa, mtumbwi ukakata maji bila mtu kugusa kasia, nikacheka mpaka mbavu zikauma. Tulipofika upande wa pili wa bwawa, upepo ukakata. Ikabidi turudi kwa kupiga kasia, na kasia lenyewe lilikuwa moja. Adhuhuri ilinikuta katikati ya maji.

Niliingia uani jua likielekea kuzama. Majamvi yalikuwa matupu. Nikasema basi, mbuzi wa jirani wamemaliza chakula cha nyumba nzima. Nikakimbilia ndani. Bibi alikuwa ameketi sakafuni, miguu kainyoosha, na kando yake vikapu viwili vimejaa matobolwa. Yote yalikuwa yamegeuzwa na kuanuliwa. Kanga yake upande wa nyuma ilikuwa vumbi tupu. Kwa kuwa kuinama hawezi, alikuwa amejiburuta kwa makalio kutoka jamvi hadi jamvi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, Mwamvua."

Wallahi, angenichapa ingekuwa nafuu. Niliona aibu, nikakaa chini pale pale. Akautazama upindo wa kanga yangu uliojaa matope.

"Gongoni siku hizi kuna bwawa?"

Nikaukunja upindo. Akayapapasa magoti yake, kisha akauliza, "Lile tanga alilokuitia Shabani asubuhi, lilishika upepo?"

"Lilishika, Bibi."

"Ungeniambia tu. Tungeyaanika alfajiri, jirani angetugeuzia, na mimi ningepanda nyuma ya baiskeli. Tangu niolewe sijaona tanga."

Mama aliporudi, Bibi hakumweleza chochote. Wala hakuninunia. Alikula nami, alizungumza nami, ila utani aliufunga. Mwaka mzima nikawa Mwamvua.

Kiangazi kilichofuata nilianika alfajiri, nikamwomba jirani ageuze, nikamketisha Bibi nyuma ya baiskeli nikaisukuma mpaka Igombe. Tulifika tukiwa hoi. Mtumbwi tuliukuta, tanga hatukulikuta. Mifuko ilikuwa imeoza, Shabani ameitupa. Bibi akakaa ukingoni, akaingiza miguu majini, akatafuna tobolwa moja taratibu huku akitazama ng'ambo ya bwawa. Mimi nilisimama nyuma yake, nimeishika baiskeli.

Alipomaliza akajifuta mikono. "Haya, tumeyaona maji. Turudi, mke mwenzangu."

Nilisukuma baiskeli ile nikilia njia nzima, naye akijifanya haoni.

Basi jibu langu ni hili. Nenda. Siku nzuri haikuumbwa ili wewe uitazame dirishani. Lakini nguo zile zifue kwanza, au mwombe mtu akufulie naye akubali kwa kinywa chake, na useme kweli unakokwenda. Kazi ya nyumbani ukiitoroka haitoweki, inamwangukia mwingine, na mara nyingi ni yule asiyeweza kuinama. Na kabla hujafunga mlango, uliza humu ndani nani mwingine anatamani kwenda. Usidhani unajua. Mimi kwa mfano, magoti yangu bado yananibeba, na hakuna aliyeniuliza.

Mungu akujaalie siku nyingi za jua na upepo, mwanangu, na kila urudipo nyumbani ukute bado unaitwa lile jina unalolipenda.