Safu Zilizoelekea Kinango

Haya chekeni, mimi mwenyewe nishazoea: ndimi yule mwalimu wa hesabu wa Munje aliyetaka mji mzima uswali Idd umeelekea Kinango.

Jioni ya kuamkia Idd, Shehe wetu aliomba mtu wa kupiga mistari ya chokaa uwanjani, watu wapate kupanga safu. Nikajitolea kabla hajamaliza (Shehe ni babake Mwanasiti, na ami yangu alikuwa apeleke posa yangu kwake siku ya Idd yenyewe, sasa ningenyamazaje?). Mzee mmoja akaniambia, "Mwanangu, si utazame dira ya simu tu?" Dira ya simu! Mimi niliyesomea jometri! Nikamweleza, kwa ile sauti yangu ya darasani, kwamba barabara inapita kando ya msikiti na kando ya uwanja, kwa hivyo nikipima pembe kati ya barabara na ukuta wa kibla, kisha nikaichora pembe iyo hiyo uwanjani, safu zitakuwa sambamba na ukuta, mambo kwisha. Nikapima, nikachora, nikaenda kulala na raha zangu.

Kanuni ni sahihi kabisa, ila inataka barabara iwe imenyooka, na yetu ina kona kati ya msikiti na uwanja, kona ninayoipita kila siku na ambapo bodaboda huanguka kila mvua ikinyesha.

Asubuhi watu wakatandika mikeka, kanzu zinang'aa, safu zimenyooka utadhani zimepigwa pasi (zote sambamba, zote zimepotea pamoja). Shehe akafika, akatazama jua, akatutazama sisi.

"Mwalimu," akaniita kwenye kipaza sauti, "huku tulikoelekea ni Kinango. Umesikia Makka imehamia huko?"

Uwanja mzima ukainuka kugeuza mikeka, kina mama kule nyuma hawajiwezi kwa kicheko, na Mwanasiti katikati yao amejifunika uso kwa leso. Wallahi niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Ami alipopeleka posa, mimi nilijifungia chumbani, nikijua nishamkosa. Akarudi anajizuia kucheka.

"Shehe amekubali," akasema. "Ila siku ya nikahi atamtuma mtu akushike mkono mpaka mlangoni kwake."

Nimekubali, ningefanyaje? Na nimeapa, nje ya darasa sipimi tena pembe ya kitu chochote. Hata kitanda chetu, atakakotaka kielekee Mwanasiti, ndiko kitakakoelekea.